Kennedy: jina la babu lililoganda Ayalandi, kwetu bado linatembea

Baba mdogo wangu anaitwa Kennedy. Kazaliwa Musoma mwaka 1964, kasoma, kaoa, kastaafu, na miaka yote hiyo jina lake halijawahi kumsumbua mpaka mwezi uliopita alipopata mjukuu wake wa kwanza, wa kike, familia ikaanza kubishana mtoto aitwe nani na kila jina lililotajwa linaulizwa maana yake. Ndo usiku mmoja kanitumia voisi ya WhatsApp, dakika nne nzima, redio inasikika kwa nyuma, anasema mwanangu wewe si unashinda kwenye simu, hebu niangalizie, Otieno najua ni aliyezaliwa usiku, Juma najua ni wa Ijumaa, Shida najua yule mama alipitia nini mpaka akamwita mwanawe Shida, sasa Kennedy ni nini? Mimi niliambiwa tu ni rais wa Marekani aliyepigwa risasi.

Nikamjibu haraka haraka bila kufikiria: shikamoo baba mdogo, kwa lugha yao wenyewe ni "kichwa kibaya". Tiki mbili zikawa bluu. Kimya siku mbili.

Kwa hiyo haya maelezo nusu ni ya kumwomba radhi mzee, na nusu ni kwa ajili ya akina Kennedy wengine wote, manake ukianza kulifukua hili jina unakuta lina mambo mengi kuliko huyo rais.

Kwanza tuelewane, Kennedy si jina la Kimarekani na wala si la Kiingereza. Ni jina la ukoo la Kiayalandi ambalo karani wa Kiingereza aliliandika alivyolisikia. Wenyewe wanaandika Ó Cinnéide, na kabla hujakata tamaa na hizo herufi, c ya Kiayalandi siku zote ni k, kwa hiyo ukitamka "O Kinede" hujakosea sana. Alafu sikia hii. Marehemu bibi, mama yake baba mdogo, alikuwa anamwita mwanawe "Kenedi", anakaza hapo NE katikati kama Mswahili yeyote, na sisi wajukuu tuliosoma tukawa tunamcheka kwamba hajui, eti ni KENnedi, unakaza mwanzoni. Kumbe Waayalandi wa kusini, jimbo la Munster ambako ndiko nyumbani kwa hilo jina, na wao wanakaza hapo hapo katikati, kwenye hiyo é ndefu. Bibi alikuwa yupo karibu na wenye jina kuliko sisi na Kiingereza chetu.

Sasa maana. Nusu ya kwanza haina ubishi, ceann ni kichwa. Ubishi upo kwenye nusu ya pili. Kuna wanaosema ni éide, yaani vazi, mavazi ya vita, kwa hiyo jina zima ni "kichwa kilichovaa kofia ya chuma", la kishujaa kabisa, ndo hilo utalikuta kwenye vikombe na vijitangazo wanavyouziwa watalii. Na kuna wanaosema ni neno la zamani lenye maana ya kibaya, kisichopendeza, kinachotisha. Mimi nipo upande wa wabaya, na sababu yangu ni tahajia, manake ukienda kwenye maandishi ya kale jina linaandikwa Cennétig, na étig kwa Kiayalandi cha kale ni mbaya wa sura, liko wazi. Hiyo kofia ya chuma naona kama watu walikuja kulisafisha jina baadaye, mtu gani ana ngome na ng'ombe mia kadhaa akubali kuitwa sura mbaya.

Ila sisi hatuna haja ya kushangaa. Mtu anayetoka kwenye nchi yenye akina Mashaka, Tabu, Sikudhani na Matatizo ataona ajabu gani mtu kuitwa kichwa kibaya? Na wale jamaa wa Kiseltiki, yaani akina Waayalandi na Waskoti wa zamani, wote walikuwa hivyo, wanakupa jina kwa kukuangalia usoni bila huruma. Campbell, lile jina la Kiskoti, ni mdomo uliopinda. Cameron ni pua iliyopinda, kwa hiyo Uingereza imewahi kuongozwa na Mheshimiwa Pua Iliyopinda miaka sita na hakuna aliyekufa.

Kuna kingine hapa cha kuchekesha. Kwetu ukisikia mtu anaitwa Ken, anaweza kuwa Kennedy au Kenneth, na watu wanachukulia ni jina moja lenye mikia miwili. Siyo. Kenneth limetoka kwa Waskoti na moja ya asili zake ni Coinneach, maana yake mzuri wa sura, mtanashati. Kwa hiyo ukiwa na Ken wawili kwenye kijiwe, mmoja ni mtanashati na mwenzake ni kichwa kibaya, na hawajui. Hili sijamwambia baba mdogo bado.

Haya, huyo mwenye kichwa alikuwa nani? Tunamjua kwa jina. Cennétig mwana wa Lorcán, mfalme wa eneo la Thomond huko kusini magharibi mwa Ayalandi, amekufa mwaka 951. Mwenyewe si maarufu sana, lakini mwanawe ni maarufu kupita kiasi: Brian Boru, yule aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa Ayalandi yote na akauawa kwenye vita vya Clontarf, nje ya Dublin, Ijumaa Kuu ya mwaka 1014. Sasa Brian alikuwa na kaka yake, Donnchuan, na huyo kaka akazaa mtoto akampa jina la babu yake, Cennétig, kama tunavyofanya sisi, babu akifa mjukuu anabeba jina. Ni huyu mjukuu ndiye uzao wake ukaja kuitwa Ó Cinnéide. Uzao wa Brian mwenyewe ndo akina O'Brien. Kwa hiyo Kennedy na O'Brien ni ukoo mmoja, baba mkubwa na baba mdogo, wametengana miaka elfu iliyopita na kila mmoja akaenda na jina lake.

Na hapa ndo penye kiini cha mambo yote, ile Ó. Watu wengi wanadhani ni kifupisho cha "of" ya Kiingereza, yaani Kennedy "wa" mahali fulani. Hapana. Ó ni neno kamili, maana yake mjukuu. Mac ni mwana, Ó ni mjukuu, na baadaye ikapanuka ikawa uzao. Na kile kistari kilicholala juu ya O ni alama ya kuvuta sauti, inasemekana ni Waingereza ndio walikiona wakadhani ni ritifaa, ile ya kwenye ng'ombe, wakakishusha pembeni ikawa O'Brien, O'Neill, O'Connor. Kama ni kweli, basi ritifaa yote hiyo duniani, kwenye pasipoti na kwenye mabango ya baa, ni kosa la kusoma mwandiko.

Sasa jiulize jina la tatu kwenye cheti chako ni la nani. Mtanzania anaandika jina lake, la baba, la babu. Ukiwa fulani wa fulani wa Kennedy, wewe ni mjukuu wa Kennedy, yaani ni Ó Cinnéide, neno kwa neno. Ndivyo walivyokuwa wanafanya wao. Mtu alikuwa mwana wa huyu, mjukuu wa yule, na kila kizazi majina yanasogea, mpaka ilipofika karne ya 10 na ya 11 wakaanza kuyagandisha, mjukuu akasema mimi ni Ó Cinnéide, mwanawe naye badala ya kusogeza akasema na mimi Ó Cinnéide, na mjukuu, na kilembwe, mpaka leo. Waayalandi ni katika watu wa kwanza Ulaya kuwa na majina ya ukoo ya kurithi, la zamani kabisa linalotajwaga ni la bwana mmoja wa ukoo wa Ó Cléirigh aliyekufa mwaka 916. Ipo hadithi kwamba Brian Boru ndiye aliyetoa amri kila mtu awe na jina la ukoo, usiiamini, majina yalianza kuganda kabla yake na yaliendelea polepole baada yake. Kilichokuwa kinayagandisha ni ardhi na cheo, kama babu yako ndiye mwenye jina kubwa, ya nini ulisogeze?

Sisi tumebaki tunasogeza. Ila nao mchezo huu kwetu unakaribia kuisha, ukishajaza kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki na cheti cha shule, jina la mwisho linaanza kuganda lenyewe, nawajua watu ambao jina la babu yao sasa hivi ni jina la watoto wao na hakuna aliyekaa kikao kuamua.

Afu kuna la akina mama. Pwani tuna bin na binti, Wamasai wana ole kwa wanaume, Wakalenjin wana arap. Waayalandi mwanaume ni Ó Cinnéide, dada yake ni Ní Chinnéide, na mke aliyeolewa kwenye ukoo huo ni Uí Chinnéide. Umeona herufi imeingia? C imekuwa Ch, sauti ya k imelainika ikakaribia h. Mwingereza hapo anachanganyikiwa kabisa, kwake neno linabadilika mkiani, iweje libadilike kichwani? Ila wewe unayesema mtu watu, kichwa vichwa, ufunguo funguo tangu ukiwa na miaka miwili, hilo halikupi shida, neno kubadilika kichwa ni maisha yetu ya kila siku.

Na kwa kuwa baba mdogo wetu ni wa Mara, naomba nitoe tahadhari hapa. O ya Kijaluo na Ó ya Waayalandi haziusiani. Otieno, Odhiambo, Onyango, Okoth, hiyo O inasema ni wa kiume, na linalofuata linasema alizaliwa usiku, jioni, asubuhi, wakati wa mvua. Wa kike ni Atieno, Adhiambo. Haisemi babu yako ni nani. Watu wamelitania sana hili tangu Obama awe rais, manake kwa upande wa mama yake kweli ana babu wa Kiayalandi, fundi viatu au mtoto wa fundi viatu kutoka kijiji cha Moneygall aliyehamia Marekani mwaka 1850, na Obama mwenyewe alipokwenda Ayalandi mwezi wa tano mwaka 2011 akawachekesha watu Dublin akisema amerudi nyumbani kutafuta ritifaa yao iliyopotea njiani. O'Bama. Utani mzuri, isimu hamna.

Turudi kwa akina Kennedy. Kwao kwa mwanzo ni mashariki ya Clare, karibu na Killaloe, na hadi leo kuna parokia inaitwa Killokennedy, kanisa la akina Kennedy. Wakasukumwa na koo zenye nguvu zaidi, wakiwemo hao hao binamu zao akina O'Brien, wakavuka mto Shannon kwenda Ormond, kaskazini ya Tipperary, maeneo ya Nenagh, na huko wakawa mabwana kwa karne kadhaa. Wakawa wengi mpaka wakagawanyika matawi matatu wanayoyatofautisha kwa rangi, Donn ni wa kahawia, Fionn ni weupe, Rua ni wekundu. Nadhani ni nywele za babu wa kila tawi, ila ukiniuliza ni kama kuwa na akina Juma Mweusi na Juma Mwekundu mtaani, lazima mpate namna.

Sasa ile Ó ilipotelea wapi, mbona hatusemi O'Kennedy? Hapo wanaingia Waingereza. Sheria za Kilkenny za mwaka 1366 ziliwakataza Waingereza waliohamia Ayalandi wasitumie majina ya Kiayalandi wala lugha, manake walikuwa wameanza kuwa Waayalandi kabisa. Alafu mwaka 1465 ikaja sheria ya upande wa pili, kwamba Mwayalandi anayeishi kwenye zile wilaya za karibu na Dublin zilizoshikwa na Waingereza achukue jina la Kiingereza: la mji, kama Sutton au Trim, la rangi, kama White au Brown, la kazi, kama Smith au Carpenter, au la cheo, kama Cook na Butler. Soma hiyo orodha tena. Kuna watu wanaitwa Brown Ayalandi leo kwa sababu serikali ilisema chagua rangi. Sheria yenyewe haikufika mbali, kilichofanya kazi kubwa zaidi ni karne ya 17 na 18, Wakatoliki wamenyang'anywa ardhi, Kiingereza ndo lugha ya ofisi na mahakama, na mtu mwenye Ó au Mac mbele ya jina anaonekana mshamba na wa upande ulioshindwa. Watu wakazidondosha wenyewe kimya kimya. Kwenye karne ya 19 mwishoni, mwamko wa lugha ulipokuja na Conradh na Gaeilge, chama cha kutetea lugha ya Kiayalandi, kuanzishwa mwaka 1893, koo nyingi zikazirudisha, akina Sullivan wengi wakarudi kuwa O'Sullivan, akina Connor wakawa O'Connor. Akina Kennedy wengi hawakujisumbua. Hivyo jina tunalolijua limekatwa neno lake la muhimu kuliko yote, lile la mjukuu, kikabaki kichwa peke yake.

Wapo pia Kennedy wa Uskoti, na hawa usiwachanganye. Wako Ayrshire na Carrick, kusini magharibi mwa Uskoti, tangu zama za kati, makabaila wenye cheo cha Earl wa Cassillis tangu mwaka 1509, na ngome yao nzuri kweli iko ukingoni mwa bahari inaitwa Culzean. Jina ni lile lile la Kiseltiki, ukoo mwingine. Na Kennedy wengi wa Ayalandi ya kaskazini ni wa hawa, walivuka walipopewa ardhi kwenye karne ya 17. Mwaka 1945 wenye ngome ya Culzean waliitoa kwa shirika la hifadhi la National Trust for Scotland kwa sharti moja, kwamba ghorofa ya juu ipewe Jenerali Eisenhower aitumie maisha yake yote kama shukrani ya vita. Ukumbuke Eisenhower ndiye aliyekuja kuwa rais wa Marekani kabla ya John Kennedy. Kalala kwenye nyumba ya akina Kennedy kwanza, afu akamwachia Kennedy nyumba.

Na huyo sasa. Ukoo wa rais haukutoka Tipperary moja kwa moja, ulitoka Dunganstown, shamba dogo karibu na New Ross, wilaya ya Wexford. Njaa kuu ya Ayalandi ilianza mwaka 1845 baada ya ugonjwa kuua viazi, na viazi ndo kilikuwa chakula cha maskini, ni kama leo uamke mahindi yote ya nchi yameoza shambani miaka kadhaa mfululizo. Watu wapatao milioni moja walikufa na zaidi ya milioni wakaondoka, kwenye nchi iliyokuwa na watu milioni 8 na kidogo. Katika walioondoka alikuwepo Patrick Kennedy, fundi wa mapipa, akafika Boston mwishoni mwa miaka ya 1840, akaoa Bridget Murphy (Murphy ndo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Ayalandi, huwezi kulikwepa), akafa tarehe 22 Novemba 1858, mtoto wa kiume wa mwisho ana miezi kumi. Tarehe ishike. Bridget akalea peke yake, akafanya kazi, akafungua kaduka. Yule mtoto wa miezi kumi akakua akafungua baa, akaingia siasa. Mwanawe Joseph, aliyezaliwa mwaka 1888, akawa tajiri. Mwana wa Joseph ni John, aliyezaliwa mwaka 1917, aliyeapishwa urais Januari 1961 na kuuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Tarehe ile ile, miaka 105 baadaye. Mimi sina la kusema hapo.

Ila angalia jina lake zima, John Fitzgerald Kennedy, manake limebeba historia ya Ayalandi nzima kwenye maneno mawili. Fitzgerald ni ukoo wa mama yake. Fitz ni Kifaransa cha zamani, ni mwana, kwa hiyo mwana wa Gerald, na hao ni Wanormani, wale walioanza kuivamia Ayalandi mwaka 1169. Kwa hiyo kwenye jina moja umekuta mvamizi na mvamiwa, mwana wa Gerald na mjukuu wa Cinnéide, wamekutana Boston wote wakiwa masikini wa kutupwa kutoka meli za njaa, na huko Marekani hakuna aliyejali nani alimvamia nani, wote waliitwa tu Wairishi.

Juni 1963, miezi mitano kabla ya kufa, alikwenda Ayalandi akafika mpaka kwenye lile shamba la Dunganstown, akanywa chai uani na ndugu zake wa mbali ambao hawakuondoka. Rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani amesimama kwenye banda alilotoka babu wa baba yake. Nyumba nyingi za Ayalandi zilitundika picha yake ukutani pembeni ya picha ya Papa.

Sasa limefikaje Musoma. Baba mdogo kazaliwa 1964, hesabu mwenyewe. Lakini si kifo peke yake. Kennedy akiwa bado seneta alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya mambo ya Afrika. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alikuwa ameanza kupeleka wanafunzi Marekani kwa ndege ya kukodi, 81 kwa mara ya kwanza, na mwaka 1960 hela ya ndege ya pili ikakosekana, serikali ya Marekani ikagoma. Mwezi wa saba mwaka huo Mboya akamfuata Kennedy nyumbani kwake pwani ya Massachusetts, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Ilikuwa ni mwaka wa uchaguzi, tusijidanganye kwamba ilikuwa huruma tupu, kura za Wamarekani weusi zilikuwa zinahesabiwa. Lakini ndege zilipaa. Wangari Maathai alikuwemo kwenye kundi la 1960, akaenda kusoma Kansas, akaja kupata Nobel mwaka 2004. Watu wanasemaga pia kwamba Kennedy ndiye aliyemlipia baba yake Obama, hapana, yule alikwenda Hawaii mwaka 1959, kabla hela ya Kennedy haijatoka.

Upande wetu, Nyerere alikwenda kumwona Ikulu ya Washington Julai 1961, hata uhuru hatujapata, na akarudi tena Julai 1963 akiwa rais. Na wale vijana wa Peace Corps, Wamarekani wa kujitolea, mradi wa kwanza kabisa kutangazwa na Kennedy ulikuwa wa Tanganyika, wapima ardhi na mainjinia wa barabara, ingawa waliotangulia kutua Afrika walitua Ghana. Weka juu ya hayo redio. Kauawa Novemba, Zanzibar na Kenya zimepata uhuru Desemba, wiki tatu hazijaisha. Ni kipindi ambacho watu walikuwa wanazaa watoto na habari kubwa zinapishana, na kwetu habari kubwa ikikuta mimba basi mtoto anabeba.

Ndo hapo jina likabadilika kazi. Ayalandi Kennedy linasema wewe ni wa ukoo gani, hulichagui, unazaliwa nalo. Kwetu likawa la kuchagua, la ubatizo, linasema baba yako alikuwa anamshangilia nani. Kennedy Odede aliyekulia Kibera, Nairobi, akaanzisha shirika la kijamii la SHOFCO, Kennedy Mweene kipa wa Zambia aliyechukua nao Kombe la Afrika mwaka 2012, Kennedy Juma aliyewahi kuwa beki wa Simba, wote hao kichwa kibaya ni jina lao la kwanza. Marekani nako limegeuka lakini kwa namna nyingine, siku hizi wanawapa watoto wa kike, miaka ya 2010 lilikuwa ndani ya majina 100 ya kwanza ya wasichana. Na Ayalandi kwenyewe lipo tu kama jina la kawaida, kwenye hesabu ya vizazi vya mwaka 1890, ile inayotumika mpaka leo kupanga majina, lilikuwa la 16. Mwalimu Kennedy, fundi bomba Kennedy, hakuna anayeshtuka.

Siku ya tatu baba mdogo akanipigia. Hajakasirika, alikuwa safarini hana bando. Nikamweleza yote haya, ya mfalme na mjukuu na Ó, akasikiliza, akauliza kitu kimoja tu, "Kwa hiyo huyu mtoto wetu kwao angeitwaje?" Nikamwambia ana jina lake, katikati jina la baba yake, la mwisho Kennedy, mjukuu wa kike wa Kennedy, kwao ni Ní Chinnéide. Akajaribu kulitamka, akacheka, akalitamka tena.

Jana kanitumia picha ya cheti cha kuzaliwa. Majina matatu, herufi kubwa, muhuri umekaa vizuri, na mwisho pale karani kaandika KENEDI. Kasikia, kaandika. Baba mdogo anasema Jumatatu anarudi akabadilishiwe, bodaboda elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi.